Kaakaa la Mboje

Mbegu kavu ya pamba ikiumwa hulia tak, kama njiti inayovunjwa. Iliyolowa hailii, hubonyea tu na kunyamaza kama mtu mwenye hatia. Kila mnunuzi wa pamba alijua hivyo, na kila mkulima wa Nkoma alijua kwamba wanunuzi wanajua. Lakini Mboje hakuishia kwenye jino. Akishaipasua mbegu kwa magego, aliyapandisha makombo kwa ncha ya ulimi, akayakandamiza kwenye kaakaa, akafumba macho. Watu wakanyamaza. Wenyewe walisema hata ng'ombe wa mikokoteni waliacha kucheua. Kisha Mboje alifumbua macho, akatema pembeni, akatoa hukumu: safi, fifi ya daraja la pili, au irudi nyumbani ikaanikwe.

"Jino linaweza kudanganywa," alizoea kusema. "Kaakaa halina rafiki."

Na mwaka ule wa tisini na tano, ulimwengu wote wa pamba ulikuwa unalitazama kaakaa lake. Zamani lilikuwa likija lori moja la ushirika, siku linayotaka lenyewe, na pamba ililala ghalani mpaka panya wakapata wajukuu. Sasa likaja soko huria. Malori matatu yalishindana honi kabla jua halijapanda, kila moja la tajiri wake, na makarani waliruka chini magari hayajasimama vizuri, wakikimbilia mikokoteni kama wageni wanaokimbilia nyama ya arusi. Mkulima aliyezoea kubembeleza sasa alibembelezwa, na kubembelezwa ni pombe. Baadhi yao wakalewa. Pamba ikajifunza kunywa maji alfajiri ili iwe nzito mchana. Nyingine ilikuja imebeba mchanga tumboni kama kuku aliyemeza changarawe.

Ndipo Sadick, kijana mfanyabiashara kutoka Mwanza, alipomchukua Mboje kutoka ushirika. Alijua jineri la Bariadi, kiwanda kinachochambua pamba, halina huruma; gunia moja bichi likikutwa humo, lori zima linageuzwa. "Mzee wangu," alimwambia, "wengine wamenunua mashine. Mimi nimenunua mdomo wako."

Mboje alilipenda neno hilo kuliko alivyopaswa. Aliishia darasa la nne. Hakuna mtu aliyewahi kumhitaji kwa kitu alichokuwa nacho kichwani. Sasa wanaume wenye malori walisimama wakisubiri afumbue macho. Aliuma mbegu mia, mia mbili kwa siku, na jioni alirudi nyumbani taya zikimuuma kwa raha, kama miguu ya mtu aliyecheza ngoma hadi mwisho.

Maumivu ya namna nyingine yalianza na uji. Asubuhi moja mwezi wa sita alipiga funda, akahisi sindano ikichoma juu ya mdomo, nyuma kidogo ya meno. Alidhani ni moto wa uji. Baada ya siku tatu ulimi ulikwenda kupapasa ukakuta shimo. Alikwenda kwa Hamimu, kwenye duka la dawa lililofunguliwa mwaka uleule, akarudi na vidonge vya rangi mbili na kichupa cha dawa ya zambarau. Akajipaka mpaka ulimi, fizi na midomo vikawa kama vya mtoto aliyevamia mzambarau. Watu wakatania, naye akacheka nao. Shimo halikucheka. Lilipanuka.

Hakumwambia mtu, kwa sababu alikuwa na mfano wake. Kaka yake, Shigela, naye alianza na kidonda kidogo mdomoni. Mwaka haukugeuka, shavu lilikuwa limeliwa, na mtu aliyekuwa akiita ng'ombe kutoka mlima hadi mlima alikufa akiomba maji kwa vidole. Saratani, walisema hospitalini. Mboje ndiye aliyemshika kichwa. Tangu hapo neno lile lilikaa ndani yake kama mbegu kwenye udongo mkavu. Lilihitaji tone moja tu.

Jioni moja alimchukua mkewe Martha, akamtembeza kwenye mpaka wa shamba. Akamwonyesha jiwe la kwanza, la pili, na lile la tatu lililofichwa na mkonge. Alisema ni vizuri mtu ajue mambo yake. Martha alimfuata kimya mpaka jiwe la mwisho, kisha akaketi juu yake.

"Baba Milembe," alisema, "Shigela naye alimtembeza shemeji mipakani. Fungua mdomo."

Alikataa. Martha hakuinuka. Jua likaanza kuzama, mbu wakaja, mwanamke yupo juu ya jiwe kama vile naye ni mpaka. Mwishowe Mboje alifungua. Martha aliangalia, akafunga kitenge vizuri, akasema kesho lori la Sadick linapeleka pamba Bariadi, na juu ya magunia kuna nafasi ya mtu mmoja.

Daktari wa meno aliitwa Felisita, mama wa Kihaya mwenye mikono midogo na sauti isiyo na haraka. Mboje alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitika vilevile kwa lafudhi ya kwao, na hilo pekee lilimlegeza mgonjwa kidogo. Alimkalisha kwenye kiti, akawasha tochi, akatazama. Kisha akaizima.

"Baba, hapa naona zambarau tu. Nani alipaka nyumba hii?"

Akachukua pamba ya hospitali, akailowesha, akaanza kumsafisha. Mboje, mdomo ukiwa wazi na roho ikiwa mkononi, alishindwa kujizuia. Pamba ile ilipomgusa mdomo alisema kwa shida, "Hii ni safi. Nyuzi ndefu."

Felisita alimuuliza mengi. Anavuta? Hapana. Anaweka ugoro shavuni? Hapana, aliyeweka alikuwa Shigela, na Mboje alilitamka jina hilo akiangalia sakafu. Ana meno ya bandia? Hana. Ameungua kwa chai? Chai anakunywa kama watu wengine. Daktari alimpapasa shingo chini ya taya, polepole, kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta shilingi kwenye pindo la nguo. Hakukuta uvimbe. Akavaa glovu, akabonyeza ukingo wa kidonda kwa kidole. Mboje akaruka kitini.

"Kinauma sana?"

"Kama moto."

"Vizuri," alisema Felisita, na Mboje akamwona ni mwanamke mkatili. "Tena ukingo ni laini. Unafanya kazi gani, baba?"

"Napima pamba."

"Kwa mizani?"

"Kwa mdomo."

Daktari aliweka tochi chini. Akasema, "Nionyeshe."

Mpimaji hakosi mbegu mfukoni. Mboje alitoa moja, akaipuliza, akaiweka kwenye magego. Tak. Ulimi ukapanda wenyewe na makombo yake, macho yakajifumba kwa mazoea, kisha yakafumbuka kwa maumivu. Alipotaka kutema, Felisita alikuwa tayari amemshika kidevu.

"Usiteme. Fungua hivyohivyo."

Tochi iliwaka. Mboje alisikia pumzi ya daktari ikibadilika. Kibanio kiliingia, kikavuta kitu, kikatoka. Kwenye ncha yake kulikuwa na kipande cha ganda la mbegu, cheusi, chembamba kama ukucha uliokatwa. Kikaingia tena. Safari hii kilitoka na ganda jingine, la zamani, limevimba, limefungwa na uzi wa pamba kama mzigo mdogo. Felisita aliyaweka yote mawili kwenye sahani ya bati, akaenda mlangoni, akamwita muuguzi wa chumba cha pili aje kuona. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata ndama aliyepotea siku tatu.

"Unaona? Maganda yalikuwa palepale," alimwambia muuguzi akionyesha. "Anajichoma mahali pamoja mara mia mbili kwa siku, halafu anashangaa kidonda hakiponi."

Mboje aliyatazama maganda kwenye sahani. "Daktari. Ni saratani?"

Muuguzi akaondoka. Felisita alivuta kigoda, akaketi mbele yake, macho sawa na macho.

"Nitakwambia ninachojua na nisichojua. Ninajua kuna kitu kinachokijeruhi kidonda chako kila siku, na leo nimekishika mkononi. Ninajua hakina ugumu, na shingo yako haina kitu. Maumivu yako nayo ni habari njema kidogo, maana ile mbaya mara nyingi huanza kimyakimya. Lakini macho yangu si kila kitu. Kidonda cha namna hii, ukikiondolea kinachokichoma, hupona. Kisipoanza kupona kwa wiki mbili, nitakuandikia barua ya Mwanza, wakate kipande kidogo, wakipime."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili bila mbegu. Maji ya vuguvugu yenye chumvi, usukutue kila ukishakula. Uji upoe. Pilipili uiache. Hiyo zambarau ibaki dukani. Na ukiuma hata moja, baba, kitakaa vilevile, na hatutajua kinakaa kwa sababu ya mbegu au kwa sababu nyingine. Tutakuwa tumedanganyana wewe na mimi."

Kisha alichukua njiti ya kiberiti, akaisogeza karibu na kidonda bila kukigusa, akaivunja kwa urefu wa kidonda. Ilibaki karibu nusu ya njiti, pamoja na kichwa chake chekundu. Akaitia kwenye bahasha, akaandika jina. Ilikuwa Alhamisi.

Wiki mbili si kitu kwa mwenye afya. Kwa Mboje, katikati ya msimu, zilikuwa mto uliofurika. Alimwambia Sadick jino linamsumbua. Akapima pamba kwa kuinusa, kwa kuipima uzito kiganjani, kwa kumtazama mkulima usoni. Mchana aliweza kusahau, kwa kelele za mizani na honi. Lakini kila alipokula, alipokunywa, alipomeza mate, ulimi ulitaka kupanda kwenda kuuliza hali, naye akauzuia kama mtu anayezuia mbwa mlangoni. Alisukutua mpaka Martha akasema chumvi ya nyumba yote imehamia kwenye shavu lake. Ilipofika siku ya nane, Ijumaa, jineri likageuza lori zima kwa magunia sita yaliyolowa.

Jumamosi Sadick hakumwita mzee wangu. Alisimama kando ya ghala la zamani la ushirika, vumbi limemjaa kope, lori la washindani likiunguruma upande wa pili, akauliza kwa sauti ya chini kama leo Mboje atauma au atafutwe mwingine. Kabla hajajibu, Salu, mkulima wa Nkoma, aliingia.

Salu hakuwahi kuingia mahali kimya. Alikuja na mikokoteni mitatu, ng'ombe wameng'arishwa, kofia imekaa upande, na nyuma yake nusu ya kijiji, kwa sababu mzigo ule ulitosha kujaza lori, na lori litakalojaa kwanza ndilo litakalofika jinerini kwanza. Makarani wa kampuni nyingine tayari walikuwa wanamvuta mkono. Salu akawasukuma. Alitaka Mboje, alisema. Alitaka pamba yake ihukumiwe na mkubwa wao, isije ikasemwa baadaye.

"Uma, ngosha, mwanamume wewe," alisema. "Au siku hizi unakunywa uji tu? Mpimaji asiye na mdomo ni jogoo asiyewika. Nasikia wa namna hiyo wanakwenda chunguni."

Watu wakacheka. Mboje alimjua Salu tangu wakiwa wachungaji. Alijua kwamba mtu huyu hadai kupimwa ila akiwa na la kuficha. Mbegu moja tu ingesema. Akachomoa pamba kwenye gunia la juu, akaipata mbegu, akaitoa nyuzi kwa kucha kama alivyofanya maisha yake yote. Akaiweka mdomoni.

Watu wakanyamaza. Kimya kile, alikuwa amekikosa siku tisa. Kilimzunguka kama maji ya uvuguvugu. Mbegu ilikuwa juu ya gego, nzima, tayari. Na hapohapo, kabla jino halijabana, alihisi ulimi unaanza kupanda. Hakuwa ameuamuru. Ulipanda wenyewe, kwa mazoea, ukaligusa lile shimo, na shimo likamjibu kwa maumivu. Lakini, au alijidanganya, maumivu madogo kuliko ya jana.

Mboje akauteremsha ulimi. Akainama, akaitema mbegu kwenye kiganja. Ilitoka nzima, inang'aa kwa mate, na watu wote wakaiona.

"Leo siumi," alisema. "Nina kidonda kwenye kaakaa."

Salu alivua kofia bila kujua kwamba ameivua. Naye alikuwepo kwenye maziko ya kaka yake Mboje.

"Kama cha Shigela?"

"Sijui. Nitajua Alhamisi."

Mboje alisimama na mbegu yake mkononi akitegemea aibu imwangukie, kama alivyoitegemea wiki nzima usiku na mchana. Badala yake alihisi wepesi, kama mtu aliyeshusha gunia na mabega bado hayaamini.

Martha ndiye aliyesogea kwanza. Alikuwa amefika na kibuyu cha uji uliopozwa, akasimama nyuma ya wanawake wengine. Sasa alikiweka kibuyu chini, akapita katikati ya wanaume, akakunja mkono wa blauzi mpaka begani. Hakumwomba mtu ruhusa. Akalikabili gunia la mkokoteni wa kwanza, akachomeka mkono wote ndani ya pamba, akatulia, macho yakitazama mbali.

"Kavu," alisema. Akaenda wa pili. "Kavu." Wa tatu alikaa zaidi. Akautoa mkono, akaupangusia shavuni, akaurudisha.

"Huku ndani kuna ubaridi wa mtungi," alisema. "Pamba iliyoshinda juani hairudi na baridi moyoni. Hii imenyweshwa alfajiri ya leo."

Salu akasema labda ni umande. Mama mmoja akamuuliza umande wa mwezi wa saba unaoingia mpaka moyo wa gunia ni umande wa kabila gani, na hapo kijiji kizima kikapasuka kwa kicheko, Salu naye akishindwa kukaza uso. Sadick aliingiza mkono wake mwenyewe, wenye saa, akautoa, akamtazama Martha kama mtu anayesoma bango jipya barabarani. Akauliza amejifunza wapi.

"Nani unadhani anaianika?" Martha alijibu. Kisha akamgeukia Salu, akatamka hukumu kwa maneno ya mumewe na sauti yake mwenyewe. "Miwili ipakiwe. Ya huu irudi nyumbani ikaanikwe."

Mboje aliinua kibuyu, akanywa uji. Ulikuwa baridi na mtamu. Miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alikuwa amegeuza pamba kwenye vichanja, asubuhi na jioni, mikono yake imezama ndani yake, na miaka hiyo yote yeye alirudi nyumbani kumsimulia jinsi kaakaa lisivyo na rafiki.

Alhamisi walipanda wote wawili juu ya magunia. Njiani upepo ulikuwa mkali, wakulima kandokando ya barabara walipiga miluzi, na Mboje, badala ya kujibu, alikuwa ameuma midomo ili ulimi usifanye utafiti wake mwenyewe. Alikuwa amemwahidi Felisita. Hakutaka kujua kwa mlango wa nyuma.

Felisita aliwasha tochi. Alitazama muda mrefu. Akabonyeza ukingo, na Mboje hakuruka. Akapapasa shingo. Akatoa bahasha, akatoa kile kipande cha njiti, akakisogeza. Akakisogeza tena. Martha, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameshika pindo la kitenge kwa mikono yote miwili.

"Mama, njoo uone mwenyewe," alisema daktari.

Martha aliinama. Mbele ya njiti, kidonda hakikufika katikati. Hakikufika robo. Kilichobaki kilitoshana na kichwa chake chekundu, na pembeni mwake nyama ilikuwa mpya, ya rangi ya waridi, safi.

"Ni kama kiberiti kilichozimwa," alisema Martha.

Felisita alicheka, akasema hamwachii bado. Arudi baada ya wiki mbili nyingine, na akirudi, yeye atataka kuona kaakaa lisilo na alama. Mpaka hapo mbegu zote ni za kupandwa. Mboje alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja." Daktari alitaka kuitupa njiti. Mboje akaiomba. Akaiweka kwenye mfuko wa shati, mahali palipokuwa pakikaa mbegu.

Asubuhi iliyofuata malori yalikuwa Nkoma kabla jua halijapanda, honi juu ya honi. Sadick alikuja mbio akitaja mikokoteni minane, akisema upande wa pili wamekwisha kupakia nusu. Martha alikuwa tayari amekunja mkono. Aliuzamisha kwenye gunia la kwanza mpaka begani, shavu likagusa pamba, na watu waliozoea kumtazama Mboje wakasogea kumtazama yeye. Wakanyamaza.

"Panasemaje huko?" Mboje alinong'ona.

"Subiri."

Akasubiri. Alisimama kando yake na vidole juu ya mfuko wa shati, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayemulikwa tochi.